Uso wa Mke wa Daktari

Sitasema Daktari alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Yeye mwenyewe alichukia habari hizo. Alikuwa akisema wasifu unaosomwa kwenye mazishi yetu huanza na shule ya msingi na kumalizika na cheo cha mwisho, na mtu mwenyewe hayumo popote katikati. Kwa hiyo nitamwandika kwa yale niliyoyaona mimi pale Kwa Vonza, soko dogo la Kitui, kwanza nikiwa mwanafunzi wake chuoni, halafu nikiwa mwenye duka la dawa za mifugo ambalo hulipita akienda nyumbani. Bado yuko hai. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila nikimzungumzia najikuta nikisema "alikuwa".

Alitufundisha falsafa ya akili. Cheti changu cha shahada hiyo kinaning'inia ukutani juu ya magunia ya chakula cha kuku, na wateja hudhani ni leseni. Tulikuwa darasa dogo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiomba kozi ile, tulipangiwa tu. Daktari alilijua hilo na halikumkera. Aliingia na kipande cha chaki bila karatasi yoyote, akauliza swali lake la siku zote. Ukimfikiria mbuzi wa mama yako aliye nyumbani, kichwani mwako hamna mbuzi. Mna nini basi? Na hicho kilichomo kinajuaje kwamba kinamhusu mbuzi huyo, si mbuzi wa jirani? Wiki ya kwanza tulicheka. Muhula ulipokwisha, baadhi yetu tulikuwa tumekonda kwa ajili ya mbuzi huyo.

Soko lilimwita Daktari kwa sababu chuo kilimwita hivyo, kisha soko likaelewa lilivyotaka. Walipoambiwa ni daktari wa mambo ya akili, walianza kumletea wagonjwa. Mama mmoja alimleta mumewe aliyekuwa akisikia sauti za watu wasiokuwepo. Daktari hakuwafukuza. Aliwaketisha kibarazani, mkewe akawapa uji, naye Daktari akamwuliza yule bwana kwa upole mkubwa kama sauti hizo zinatoka nje ya kichwa au ndani, na kama anazisikia kama anavyomsikia yeye sasa. Halafu akapanda nao gari hadi hospitali na kukaa nao foleni mchana kutwa. Mimi nilimwambia kwamba angewaambia ukweli tangu mwanzo, yeye si daktari wa aina hiyo. Alisema ndiyo, lakini hakuwahi kukutana na mtu aliyekuwa na swali lake kwa uchungu namna ile.

Mifano yake darasani aliitoa hapa hapa nyumbani. Alisema Wakamba wameshatatua nusu ya swali lile bila kulipa karo. Mtoto wa kike akipewa jina la nyanya yake, mama aliyemzaa humwita "mwaitu", mama yangu, na hata kumgombeza humgombeza kwa heshima. Si lazima mtoto afanane na nyanya huyo hata kidogo. Anasimama mahali pake kwa sababu watu wamekubaliana asimame. Picha ni jambo jingine, alisema. Picha inafanana na mtu, mtoto anaitwa mtu; ni njia mbili mbalimbali, na atakayezichanganya nitamwangusha mtihani.

Mfano wa pili ulikuwa wa mawingu, na huo hakuna mtu wa Kitui asiyeuelewa. Mawingu huja meusi, yakakaa juu yetu, kisha yakaenda kunyesha kwa wengine. Tunasema yametudanganya. Daktari alikataa. Mawingu hayajasema kitu, alisema, aliyekosea ni wewe uliyemwaga mbegu, na huko kukosea ndiko kunakoonyesha kwamba kichwani mwako mna kitu kinachohusu mvua. Aliandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba kisichoweza kukosea hakisemi lolote, akapiga mstari chini yake. Nilikariri nikapata alama zangu. Sikujua kwamba ningekuja kuyahitaji maneno hayo nje ya darasa.

Siku ya picha za kichwani ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Alisema watu hudhani kukumbuka ni kutazama picha iliyo ndani. Fungeni macho, akatuambia, mwone mama zenu na viondo vyao vya kwendea sokoni. Tukafunga. Akauliza kiondo kina mistari mingapi ya rangi. Mmoja akasema mitatu, halafu akasema minne, halafu akasema hajui. Daktari akafurahi kama mtu aliyekamata mwizi wa kuku. Kama ni picha, si uhesabu? Basi hamna picha. Mna maarifa tu: mama ana kiondo, kiondo kina mistari, imetosha.

Mimi nilikataa, na nilikuwa na mdomo wakati ule. Nilisema naiona. Ni hafifu, haitulii, mistari siwezi kuihesabu, lakini namwona mama na kile kidole chake kilichopinda. Kipindi kilipokwisha akaniita pembeni.

"Ukisema unaona," aliniuliza, "ni namna ya kusema tu, ama kuna kitu unaona?"

"Kuna kitu naona, Daktari."

"Ukiwa umefunga macho."

"Hata nikiwa nimefungua."

Akaenda nyumbani kumwuliza mkewe. Aliniambia baadaye kwamba mkewe alicheka hadi akalazimika kuweka sufuria chini. Daktari alikuwa mtu mwenye mvi tayari, ameandika tasnifu nzima kuthibitisha kwamba hakuna binadamu mwenye picha kichwani, kumbe ni kichwa chake peke yake kisicho nazo. Tangu utotoni akifunga macho palikuwa giza tupu, akadhani sote tumo humo, na kwamba watu wakisema wanamwona marehemu baba yao mbele ya macho wanatia chumvi tu.

Mtu mwingine angelificha jambo lile. Yeye wiki iliyofuata alisimama mbele yetu akatueleza yote, akasema tasnifu yake ni ya kweli, ila kwa mtu mmoja. Tulimpigia makofi. Lakini hakuacha ubishi hata siku hiyo. Alisema hakuna kinachompungukia. Ninalolijua nalijua, alisema, ninyi mna mapambo tu juu yake. Nilimwamini, na kwa miaka mingi sikuona sababu ya kutomwamini.

Maana kweli alikuwa akituzidi. Alimtambua kila mtu. Ungeweza kuwa ulikaa nyuma ya darasa lake miaka mingi iliyopita, umenenepa, umenyoa kipara, akakuona upande wa pili wa barabara akakuita kwa jina. Hata hivyo hakuweza kukuambia lango lake mwenyewe lina rangi gani mpaka alitazame. Wakati mmoja aliporwa simu mjini Sultan Hamud, akaenda kuripoti, na askari akamwuliza mwizi anakaa aje. Akasema hajui. Mrefu? Hajui. Mweusi, maji ya kunde? Hajui, lakini mleteni hapa nitamtambua. Askari walidhani amelewa. Alipokuwa akitoka nje ya kituo yule mwizi alikuwa akinunua mahindi ya kuchoma ng'ambo ya barabara, naye Daktari akamwonyesha kwa kidole bila kusita. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe, tena na tena, kama ushahidi kwamba giza lake halimzuii kitu.

Mkewe tulimwita Mwaitu, kama tunavyowaita kina mama wote wa rika lake. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mwanya katika meno ya mbele ambao ulifanya hata salamu yake ionekane kama mzaha. Alifuga kuku, na kuku ndio waliotukutanisha. Alikuja dukani kwa chanjo akakaa kwa mazungumzo, na mwaka niliofiwa na mama yangu alikuja bila kuhitaji chanjo yoyote. Nilimpenda. Hawakujaliwa watoto, na wakati mwingine niliona amenipangia nafasi ambayo sikuwa nimeiomba, nami nikaikalia.

Mwaitu alitoka vilimani huko Makueni, katika jamii ndogo ya waumini walioichukua amri ya pili kama ilivyo. Hawachongi, hawachori, hawapigwi picha. Alipoolewa na Daktari aliyaacha mengine yote. Alikubali hospitali, alikubali redio, alikubali simu, ingawa laini iliandikishwa kwa jina la mumewe kwa kuwa hakuwa na kitambulisho. Picha hakukubali. Alimwahidi mama yake, basi. Naye Daktari, asiyeamini neno hata moja la sababu zao, aliilinda ahadi ile kuliko mwenyewe. Kwenye sherehe za mahafali alisimama mbele ya mkewe akiwa amenyoosha mkono kama trafiki, na wanafunzi wakajifunza kugeuza simu zao upande mwingine. Ipo picha moja tu iliyomkamata, na imemkamata akigeuka: shingo kwa nyuma, na kitambaa cha kijani kichwani.

Daktari aliona ni jambo la kuchekesha. Alipenda kusema mbele ya wageni kwamba yeye hana picha ndani, mkewe hana picha nje, kwa hiyo Mungu aliwaoanisha kwa makini. Mwaitu alimpiga na taulo la jikoni. Sote tulicheka, na mimi nilicheka zaidi kwa sababu nilikuwa nimesoma falsafa.

Jambo jingine ambalo soko lililizungumza ni kwamba Daktari hakulala nje ya nyumba yake akiweza. Semina zikiwa mbali hakwenda. Saa ya chakula cha mchana aliacha chai ya bure ya chuoni akatembea juani hadi nyumbani kula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, chakula ambacho hata hakukipenda sana. Watu walisema amewekewa dawa. Mimi nilidhani ni wivu wa uzeeni. Siku moja nikamtania juu ya hilo, naye akanijibu bila kucheka. Alisema akitoka tu langoni, mkewe amekwisha. Anajua yuko, anajua anapika nini, lakini amekwisha, na akirudi humwona upya kama siku ya kwanza. Nilifikiri ni maneno matamu ya mume kwa mke. Sasa najua alikuwa ananieleza tu jinsi mambo yalivyo.

Mwaitu alikufa kwa presha. Haikuchukua hata wiki. Mazishi yetu siku hizi hayaendi bila sura ya marehemu: iko juu ya jeneza, iko kwenye bango la langoni, iko kwenye jalada la kijitabu cha ratiba. Kijitabu chake kilikuwa na picha ya mshumaa. Kilichapishwa na mpwa wa Daktari, binti ya dada yake, ambaye ana studio mjini Wote na kazi yake kubwa ni hiyo hiyo ya vijitabu vya mazishi. Alikuja na kamera yake ndani ya mkoba. Nilikuwa nimesimama karibu alipomnong'oneza.

"Anko, niruhusu moja tu kabla wafunge. Hakuna mtu atajua."

"Mimi nitajua," Daktari akasema.

Watu walipanga mstari kumuaga. Daktari alipita mbele ya jeneza, akatazama, akaenda nyuma ya mstari akapanga tena. Akapita, akarudi tena. Mzee wa kanisa akamshika kiwiko, naye akasema bado hajamaliza kumwona. Hema zima lililia, kila mtu akidhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni, lakini nilikuwa peke yangu pale niliyejua kwamba kile kifuniko kikishuka hamna mahali popote, ndani wala nje, ambapo mtu yule angemwona mkewe tena. Walipofunga nilimwona akifumba macho. Aliyafungua upesi, kama mtu aliyeweka mguu mahali alipodhani pana ngazi.

Baada ya hapo alianza kuja dukani na kukaa juu ya gunia. Siku moja alisema, "Mwanafunzi, nilisema hakuna kinachonipungukia." Bado ananiita hivyo, mimi mwenye watoto wa sekondari. "Nilikosea," akasema, akaniomba nimweleze mkewe.

Nikamweleza, urefu, mwanya, namna ya kuinua unyusi mmoja akisikia uongo. Alisikiliza kama mtu anayesimuliwa nchi ya mbali. Hayo yote alikuwa anayajua, alisema, angeweza kuyaandika. Akaniuliza kama namwona sasa hivi, ninapozungumza. Nikasema ndiyo. Amevaa nini? Nikasema kitambaa cha kijani. Basi akaniinamia, akanitazama ndani ya macho kwa karibu sana, kama anayechungulia dirishani mwa nyumba iliyofungwa. Nilimhurumia hadi nikachukia kwamba mimi namwona na yeye haoni. Sikujua huruma inaweza kuwa chungu hivyo.

Sauti ya mkewe alikuwa nayo. Ilibaki kwenye simu yake, katika ujumbe wa sokoni, na hata mimi niliusikia mara nyingi: "Leta nyanya na dania. Usisahau dania." Aliusikiliza pale pale juu ya gunia. Alisema sauti inamletea kila kitu isipokuwa mtu.

Mwaitu alikuwa na dada, bado yuko huko vilimani na bado ni wa wale waumini. Daktari aliomba nimsindikize, nikafunga duka. Dada huyo alitoka mlangoni akiwa na unga mikononi, akatutazama, na akaelewa kabla hatujakaa.

"Umekuja kuona yeye kwa uso yangu?" akauliza.

Daktari hakuweza kudanganya. "Ndiyo."

"Basi angalia, uende."

Akasimama pale kwenye jua akaangaliwa. Hakugeuza uso, hakujifuta unga. Sijawahi kuona kitu kibaya hivyo kikifanyika kwa adabu hivyo. Daktari akamshukuru, tukaondoka. Njiani alisema kuna kitu kwenye shavu, chini ya jicho, alikitambua kabisa. Tulipofika barabara ya lami akasema kimeenda.

Mpwa wake ndiye aliyeleta habari ya kompyuta inayochora uso kwa maneno. Unaiambia mtu alivyo, inakuletea picha kama ya kamera. Huko Wote anaitumia kufufua picha kuukuu za mababu zilizoliwa na mchwa, na watu wanafurahi. Alichukua maelezo yetu sote, akachukua ile shingo na kitambaa cha kijani, akaanza kutengeneza nyuso. Nilidhani Daktari atakataa kwa sababu ya ahadi. Alisema ahadi ilikuwa asipigwe picha, na hii haijampiga mtu yeyote. Hoja hiyo haikuwa ya mtu niliyemjua, lakini sikubishana naye.

Akawa anasafiri kwenda Wote na kurudi. Kila uso alioonyeshwa alisema si yeye. Wa kwanza alisema si yeye, hata mwanya haumo. Mwanya ukatiwa, akasema si yeye. Mashavu yakapunguzwa, ngozi ikakoza, si yeye. Akiulizwa kosa liko wapi hakuweza kusema. La ajabu ni kwamba alirudi akiwa mchangamfu kuliko nilivyokuwa nimemwona tangu mazishi, akaniletea habari zake dukani kama zamani za darasani.

"Kuna kitu ndani yangu kinamjua," akaniambia. "Hakinionyeshi. Lakini kinakataa. Hiyo hapana ndiyo mke wangu aliyebaki."

Laiti angeishia hapo. Lakini mtu hawezi kuketi na hapana peke yake, na mpwa wake alikuwa na moyo mzuri na kompyuta isiyochoka. Nyuso zikazidi. Alizitazama asubuhi na jioni kwenye simu, akizipanga, akirudia zile zilizokaribia. Siku moja alikuja akiwa ameinamisha kichwa, akasema kuna uso mmoja ameukataa kwa kuchelewa. Sikuelewa. Akasema zamani hapana ilikuja yenyewe, sasa amelazimika kuitafuta.

Nilimpigia simu mpwa wake nikamwomba aache. Nilimweleza yote niliyojua, kwa lugha ya darasani na kwa lugha ya dukani. Alinisikiliza kwa heshima, maana mimi ni mkubwa kwake.

"Mimi nataka Anko apumzike," akasema. "Ama wewe unataka akae kwa hiyo giza?"

Nikamuaga, nikarudi kupima chakula cha kuku.

Kumbukumbu ya mwaka ilipofika, picha kubwa ilikuwa sebuleni ndani ya fremu, imevishwa maua. Watu wa kanisa waliipita wakinyamaza. Hakuna aliyetaka kumwambia mjane mwanamume kwamba amemwekea maua mwanamke asiyejulikana. Nilimvuta pembeni mimi. Akasema hajasema ni yeye. Ameipa tu jina lake, kama mtoto anavyopewa jina la nyanya. Nikamkumbusha kwamba mtoto hafanani na nyanya, ndiyo maana hakuna anayemdhania kuwa ndiye nyanya mwenyewe. Picha inafanana kidogo, na hapo ndipo itakapomla Mwaitu mwenyewe. Nikamkumbusha pia kwamba alituahidi kumwangusha mtihani atakayechanganya mambo haya mawili.

"Basi niangushe," akasema.

Nilikaa muda bila kwenda kwake. Mwezi uliopita nilimpelekea chanjo, kwa sababu bado anawafuga kuku wa mkewe. Mawingu yalikuwa yamekaa juu yetu tangu asubuhi. Nilimkuta kibarazani, amenyolewa vizuri, shati limepigwa pasi. Alikuwa na furaha, na sijui kama nimewahi kuona kitu kilichonikatisha tamaa kuliko furaha ile. Akanikaribisha, akaniambia kuna kitu lazima nikione, akatoa simu.

Uso ulikuwa ule ule wa kwenye fremu, lakini sasa ulikuwa hai. Mpwa wake alikuwa ameutia mwendo, na akaupa ile sauti. Mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kijani alinigeukia, akapepesa macho, akatabasamu. "Leta nyanya na dania," akasema kwa sauti ya Mwaitu. "Usisahau dania." Midomo ilifuata kila neno.

"Huyu ndiye," Daktari akasema. "Sawasawa kabisa."

Nilitazama tena. Meno yalikuwa yamejipanga meupe, yamebanana mwanzo hadi mwisho, labda kompyuta iliyatengeneza hivyo ilipoufungua mdomo.

"Na mwanya, Daktari?" nikauliza.

Akaitazama simu, akanitazama mimi. Hakukasirika. Alikuwa akitafuta kwa uaminifu wake ule ule wa zamani.

"Mwanya gani?" akasema.

Nikampa chanjo, nikamweleza kipimo, nikaondoka. Mawingu yalikuwa yameshasogea upande wa Machakos. Njia nzima nilifikiria ile sentensi aliyoipigia mstari ubaoni, kwamba kisichoweza kukosea hakisemi lolote. Uso ule hauwezi tena kukosea, kwa sababu hakuna kilichobaki ndani ya Daktari cha kuukataa. Nililia kidogo, kisha nikafungua duka.

Juzi alikuja mteja mgeni, mwalimu aliyehamia hapa mwaka huu, amekodi nyumba karibu na Daktari. Alinunua dawa ya kupe, akakaa kupumzika, akaniuliza marehemu mke wa yule mzee alikuwa anakaa aje, maana huko kwake anasikia mwanamke akiagiza nyanya kila siku. Nikafurahi kuulizwa. Nikaanza kumweleza huku namwona mbele yangu, mrefu, mwembamba, kitambaa cha kijani. Nikamwambia alikuwa na mwanya mzuri katika meno ya mbele. Nikalirudia neno lile kwa sauti, alikuwa na mwanya, huku yule niliyekuwa namwona akinitabasamia kwa meno yake yote yaliyobanana.